Bastola Kiunoni, Askari Mbele Yako: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara na Wenye Cheti cha Silaha Mombasa

Raia anayebeba bastola kwa cheti hatakiwi kujulikana, na ndiyo maana huivaa chini ya shati. Shida ni kwamba askari naye hamjui. Aliyesimama Kibarani saa nne za usiku akimulika magari kwa tochi, bastola aliyozoea kuisikia ni ya jambazi. Ya mwenye duka anayerudi kwake Nyali na mauzo ya siku haimjii akilini mpaka aelezwe.

Maswali haya ndiyo ninayoulizwa zaidi na waliopata cheti karibuni, na hata na waliokuwa nacho miaka mingi ila hawajawahi kusimamishwa. Mie si wakili. Nabeba bastola kwa sababu ya biashara, nimesimamishwa mara nyingi, na mara mbili nilikosea mwenyewe.

Nikisimamishwa, niseme kwamba nina bastola au ningoje niulizwe?

Sema. Sheria ya Silaha ya Kenya, Sura ya 114, yampa polisi uwezo wa kukudai cheti anapoamini una silaha, na usipokitoa aweza kuizuia silaha yenyewe. Lakini ukingoja kudaiwa, aghalabu umengoja aione. Shati limepanda ulipoinama kuzima redio, au amekupapasa kiunoni mkono ukagonga chuma. Hapo mazungumzo ya leseni yamekwisha kabla hayajaanza. Wazee walisema mficha uchi hazai, na hili ni moja ya mambo yasiyofaa kufichwa.

Kazi iko katika namna ya kusema. Usianze na neno "bunduki" wala "bastola". Matatu zapiga honi, dirisha limefunguka nusu, na katika maneno yako kumi afande atalisikia hilo moja tu. Tanguliza cheti: "Habari za kazi, afande. Mimi nina cheti cha silaha, na silaha yenyewe ninayo hapa kiunoni, upande wa kulia. Mikono yangu hii. Wataka nifanyeje?" Liseme taratibu, kwa sauti ile ile unayomwagizia mtu kahawa. Swali la mwisho usilisahau, kwa sababu ndilo linalompa yeye usukani. Mara nyingi atakwambia "kaa hivyo hivyo", kisha atamwita mwenzake aje upande wa pili wa gari. Usikasirike. Ndivyo walivyofunzwa.

Na ikiwa ni trafiki tu anayepunga mkono upite, pita. Hakuna haja ya kusimamisha gari umsimulie mtu habari za kiuno chako. Nazungumzia pale anapotaka leseni yako ya kuendesha, anapotaka ushuke, au anapotaka kupekua gari.

Jambo jingine: usimtajie mkubwa unayemjua. Nimeona watu waliokuwa wakiachiwa kwa amani wakajiharibia kwa jina la kamanda fulani.

Mikono niiweke wapi?

Juu ya usukani, vidole vimekunjuliwa. Usiku washa taa ya ndani kabla afande hajafika dirishani, na kama vioo vyako ni vyeusi vishushe vyote. Zima injini. Baada ya hapo usiguse kitu.

Kosa langu la kwanza lilikuwa hili. Nilisimamishwa njia ya Changamwe, nikajua watataka karatasi, nikataka kuwarahisishia kazi. Nikanyoosha mkono kwenye kisanduku cha dashibodi kabla sijaulizwa. Nilipoinua kichwa, mtutu wa bunduki ulikuwa umeelekezwa kifuani kwangu, na kijana aliyeushika alikuwa akitetemeka kuliko mimi. Bastola ilikuwa kiunoni, haikuwa kwenye kisanduku. Yeye angelijuaje? Alichokiona ni mtu mzima anayefukua haraka gizani. Tangu siku ile, karatasi zangu nazitoa baada ya kuombwa, na kabla ya kuzitoa natamka mkono unakokwenda: "Natoa cheti, kiko mfuko wa shati, kushoto."

Cheti nikiweke wapi?

Mbali na bastola. Kama bastola iko kulia, cheti kiwe kushoto na juu, mfuko wa shati au koti. Wengi huviweka pamoja kwa kudhani ni vitu vya kundi moja, wakisahau kwamba siku ya kutoa cheti mkono utakwenda palepale kwenye bastola. Usikiache nyumbani, na usikiweke kwenye gari ambalo leo waweza kuliacha ukapanda boda.

Ukague mwenyewe kabla polisi hajakukagulia: jina, namba ya bastola kama ilivyochongwa kwenye chuma, na tarehe ya mwisho. Mwishoni mwa 2018 serikali iliamuru wenye silaha wote wakaguliwe upya, ndipo vyeti vipya vya kielektroniki vilipoanza kutolewa. Bado nakutana na mzee anayenionyesha kile kitabu chake cha zamani kwa fahari. Mzee wangu, hicho mbele ya askari ni kumbukumbu tu.

Nimetazama video nyingi za Marekani. Mafunzo yao yatatufaa?

Mengine yatakufaa, mengine yatakuponza, kwa sababu hata wao hawana sheria moja. Michigan, mwenye leseni anayebeba bastola iliyofichwa lazima amwambie askari mara tu anaposimamishwa. Texas, wajibu ni kuonyesha leseni ya silaha pamoja na kitambulisho unapodaiwa kitambulisho. Ohio waliibadilisha sheria yao mwaka 2022, na sasa wajibu ni kujibu unapoulizwa. Ukimsikia mtu wa YouTube akisema "si lazima umwambie polisi chochote", muulize kwanza anazungumza akiwa jimbo gani. Kisha kumbuka uko Bombolulu.

Kuna kisa kimoja cha huko ambacho ningependa kila mwenye cheti akijue. Tarehe 6 Julai 2016, Philando Castile, mfanyakazi wa jikoni wa shule, alisimamishwa na polisi Falcon Heights, jimbo la Minnesota. Alikuwa na leseni ya kubeba silaha, na alimwambia askari kwa adabu kwamba ana silaha. Askari akamwambia asiitoe. Alijibu kwamba haitoi. Kabla ya hapo askari alikuwa ameomba leseni ya udereva. Katika sekunde chache hizo askari akafyatua risasi 7 akamuua, mchumba wake akiwa kiti cha pembeni na mtoto mdogo nyuma. Mwaka uliofuata mahakama ilimwachilia askari yule.

Sikisimulii kisa hiki kumlaumu marehemu. Alisema ukweli, na alisema kwa heshima. Nakisimulia kwa sababu amri mbili ziligongana: toa leseni, usitoe silaha. Macho ya mtu mwenye hofu hayawezi kuupambanua mkono unaofuata pochi na mkono unaofuata bastola. Kwa hiyo ukishataja silaha, mikono igande. Hata kama dakika moja kabla uliombwa karatasi, amri ile ihesabu imefutika. Uliza upya: "Nitoe cheti sasa, au wataka kuichukua silaha kwanza?" Ungoje jibu, halafu ndipo usogee.

Afande akitaka kuichukua bastola?

Mwache aichukue. Usimpe wewe. Hata akisema "hebu ilete", mwombe kwa upole aitoe mwenyewe: "Afande, heri uitoe wewe, mie nisiiguse." Wengi watashukuru moyoni. Akisisitiza uitoe wewe, muulize kila hatua, itoe kwa vidole viwili pamoja na ala yake ikiwezekana, mtutu ukielekea chini.

Mwambie kama imekokiwa. Risasi ikiwa iko chemba na hukusema, yeye akaanza kuichezea akidhani ni tupu, ajali hiyo itawakuta nyote wawili. Usikubali kwa urahisi kuitoa magazini na kuiondoa risasi chemba kandokando ya barabara kuna giza na watu. Pendekeza lifanyike kituoni.

Ikiondoka mkononi mwako, hesabu yake iandikwe. Namba ya bastola, aina yake, idadi ya risasi, jina na namba ya aliyeichukua. Ikifika kituoni iingie kwenye OB, kile kitabu cha matukio cha kituo, na wewe uondoke na namba ya OB. Ukirudishiwa, hesabu risasi hapo hapo mezani. Risasi moja iliyopungua ni swali ambalo utaulizwa wewe siku ya kuhuisha cheti.

Nao wakiwa askari kanzu?

Hapa ndipo penye uzito Mombasa, na sitaki kukudanganya kwamba kuna jibu safi. Probox isiyo na alama yakuzibia njia, wanateremka vijana watatu wamevaa fulana na ndara, mmoja ana bastola mkononi. Yaweza kuwa polisi. Yaweza kuwa waliokufuata tangu ulipofunga duka. Kila mmoja wetu aliomba cheti kwa ajili ya hao wa pili, na ndiyo maana mkono huwa unataka kwenda kiunoni wenyewe.

Usiuachie. Bastola iliyokwisha kuchomolewa haishindwi na iliyomo ndani ya ala chini ya shati, hata uwe hodari vipi uwanjani. Wakiwa polisi, umejiua. Wakiwa majambazi, umewaharakisha. Onyesha mikono, kaa kitini, uliza kwa sauti inayosikika: "Ninyi ni polisi? Nionyesheni kitambulisho cha kazi." Polisi hatashangaa kuulizwa, ni wajibu wake kujitambulisha. Kisha waambie habari ya cheti kwa maneno yale yale, na uombe mwende kituo cha karibu. Ukiwa mjini taja Makupa au Central. Majambazi hawapendi safari hiyo.

Kama gari linakufuata na kukumulikia taa lakini halijakuziba, una nafasi zaidi. Washa indiketa zote mbili, punguza mwendo, endesha mpaka penye mwanga na watu, kituo cha mafuta hasa, huku ukipiga 999 au 112 na kuwaeleza ulipo. Ukisimama, waambie kwa nini hukusimama pale pa kwanza.

Sasa geuza picha. Uko kwa miguu, soko la Kongowea, umenyanyua gunia, shati limepanda, na nyuma yako sauti yapiga kelele: "Polisi! Usisonge!" Mwili wa binadamu hugeuka kumtazama anayemwita. Usigeuke. Ukigeuka, kiuno chageuka nawe, na bastola yaelekea alipo askari. Ganda, nyosha mikono pembeni, sema bila kumtazama: "Nina cheti cha silaha. Siigusi." Akikwambia lala chini, lala, hata kama ni kwenye matope ya maembe. Akikufunga pingu, fungwa. Kanzu hufuliwa.

Mimi ni mwanamke, navaa buibui. Hayo ya kiunoni yanihusu vipi?

Yakuhusu zaidi, kwa sababu kila kitu chako kiko ndani. Mkono wa mwanamke unapoingia chini ya buibui, askari hana njia ya kujua kama waenda kwenye pochi, simu au chuma. Kwa hiyo cheti kisikae ndani. Kiwe kwenye mkoba mdogo wa nje usio na silaha, unaoweza kuufungua mbele ya macho yake.

Kuhusu bastola kuwekwa kwenye mkoba wa mkononi, mimi siipendi tabia hiyo. Mkoba huporwa, husahauliwa kwenye kiti cha tuktuk, na mtoto huufungua akitafuta peremende. Lakini najua wengi hawana namna nyingine. Basi ukisimamishwa, mkoba huo uweke mahali unapoonekana, ondoa mkono juu yake, na useme: "Silaha iko ndani ya mkoba huu, mie siugusi."

Ukipekuliwa mwili, ni haki yako kupekuliwa na askari mwanamke, kwa staha. Sheria ya Mwenendo wa Mashtaka ya Jinai yasema hivyo wazi. Liseme bila kugomba: "Sikatai kupekuliwa, afande. Naomba aje dada." Asipokuwepo pale kizuizini, mwende kituoni alipo.

Nikiwa kwenye boda au tuktuk?

Mwendeshaji asijue, ila mkisimamishwa, polisi ajue mapema. Kwenye boda upepo wa baharini ndio adui yako, shati lapepea na wa nyuma yako wote wameona. Vaa fulana ndani uliyoichomekea, shati refu juu. Pikipiki ikisimamishwa, teremka pale tu utakapoambiwa, mikono mbele.

Kivuko cha Likoni, uwanja wa ndege, treni, maduka makubwa?

Likoni, usiingie kwenye foleni ya ukaguzi ukitumaini mashine haitalia. Italia katikati ya umati, na umati ukisikia neno bunduki hautangoja maelezo. Kabla ya foleni, mtafute askari mwenye sare aliyesimama pembeni, mwendee mikono mitupu, mweleze kwa sauti ya chini. Wenye magari wengi sasa hupitia Dongo Kundu, ila huko nako waweza kukuta kizuizi.

Uwanja wa ndege wa Moi, panga na shirika la ndege kabla ya siku ya safari, na ujitangaze kwa polisi pale pa kwanza kabisa pa kuingilia. Usifike na silaha mpaka kwenye mashine ya mizigo. Kituo cha treni Miritini ni hivyo hivyo, na mbwa wa pale hawasomi vyeti.

Mlinzi wa duka kubwa si polisi. Hana uwezo wa kukunyang'anya silaha, lakini mwenye jengo ana haki ya kukukataza kuingia nayo. Ukikataliwa, ondoka. Usianze kumfundisha sheria kijana wa watu mlangoni wakati nyuma yako pana akina mama na watoto.

Na wale wanaoteremka Lunga Lunga kwenda Tanga: cheti cha Kenya kinaishia mpakani.

Nimekunywa bia mbili tu. Naweza kubeba?

Hapana. Kulewa ukiwa na silaha ni kosa peke yake chini ya Sura ya 114, hata kama hukumgusa mtu. Ukijua usiku utaishia Mtwapa, bastola ilale kwenye sefu nyumbani.

Ndugu yangu ameazima gari langu, na nimekumbuka bastola imo ndani.

Mpigie sasa hivi. Mwambie asimame mahali pa salama, asiiguse, asiifunike na wala asiihamishe, umfuate wewe. Cheti ni cha mtu, si cha gari wala cha ukoo. Akikamatwa nayo yeye ni mtu mwenye silaha bila cheti, na hicho ni kifungo cha miaka. Wewe nawe utaulizwa kwa nini hukuitunza, kwa sababu sheria yakutaka uhakikishe haifikiwi na asiyeruhusiwa. Hili hutokea zaidi kuliko watu wanavyokiri, hasa siku za harusi magari yanapopita mikono mingi.

Nilitoa bastola kujikinga na sasa polisi wanafika. Nifanye nini?

Irudishe kwenye ala, au iweke chini uiache, kabla hawajakuona. Hakuna kitu cha hatari kuliko mtu asiye na sare aliyesimama na bastola mkononi mahali palipolia risasi.

Wakumbuke wale wa Westgate, jengo la maduka la Nairobi lililovamiwa na magaidi Jumamosi ya tarehe 21 Septemba 2013. Miongoni mwa waliotangulia kuingia kuwatoa watu walikuwa raia wenye leseni, pamoja na askari kanzu wachache. Abdul Haji, ambaye baadaye akawa seneta wa Garissa, alikuwa mmoja wao, na bastola yake. Ushujaa wao haupingwi. Lakini siku hiyo hiyo iliripotiwa kwamba kamanda wa Recce, kikosi maalumu cha polisi, aliuawa kwa risasi za wanajeshi wenzake wa upande mmoja, kwa kutotambuana. Ikiwa walio na mavazi ya kazi waliuana kwa bahati mbaya, wewe mwenye kikoi utatambuliwaje?

Ukiweza kupiga simu kabla hawajafika, jieleze ulivyo: "Mimi ndiye mwenye duka, nina cheti, nimevaa shati jeupe na kikoi cha bluu, silaha iko chini karibu na mlango." Au mpe mtu mwingine apige. Wakifika, fuata kila amri. Utakamatwa, na karibu kila mara utapelekwa kituoni. Usilione hilo kama tusi. Bastola itachukuliwa kuwa ushahidi, na maelezo marefu uyaweke mpaka wakili aje. Yatosha kusema umeshambuliwa, walikuwa wangapi, walielekea wapi.

Afande amesema cheti changu ni bandia, au anataka "kitu kidogo" anirudishie.

Usitoe. Ukitoa hela ili urudishiwe silaha halali, umejifanya mtu mwenye silaha ya mashaka, na atakukumbuka siku nyingine. Mwambie kwa utulivu: "Twende kituoni, mkihakiki na Bodi ya Leseni za Silaha." Bodi ina rekodi yako. Mara nyingi neno "tuhakiki" peke yake humaliza shughuli.

Usigombane barabarani. Haki zako zina mahali pake pa kudaiwa, na mahali hapo si dirishani mwa gari. Ukikamatwa, Kifungu cha 49 cha Katiba ya 2010 kinakupa haki ya kuelezwa sababu kwa lugha unayoielewa, kunyamaza, kuwasiliana na wakili, na kufikishwa mahakamani kabla ya saa 24 kupita, au siku ya mahakama inayofuata kama saa hizo zimeishia wakati mahakama imefungwa. Ukipata dhamana ya polisi, haiuzwi.

Soma jina au namba ya askari kwenye sare yake, uikumbuke, uandike ukishaondoka. Usitoe simu kuanza kumrekodi ghafla, kwa maana simu nyeusi usiku nayo ina umbo lake. Malalamiko ya kutendewa vibaya yapeleke IPOA, mamlaka huru inayosimamia polisi, simu ya bure 1559. Ya rushwa ni EACC, tume ya maadili na kupambana na ufisadi, 1551. Na polisi naye ana mipaka yake: Jedwali la Sita la Sheria ya Huduma ya Taifa ya Polisi ya 2011 lamtaka ajaribu kwanza njia zisizo za nguvu. Nakutajia ujue ukidhulumiwa mlango uko wapi. Hakuna aliyewahi kuokolewa na jedwali akiwa ameelekezewa mtutu.

Bastola imepotea au imeibwa. Naogopa kwenda kituoni.

Nenda leo. Kuripoti mara moja ni sharti la sheria. Bastola yako ikipatikana kwenye tukio la wizi Kisauni na wewe hujaripoti, utakuwa ukieleza mambo mawili badala ya moja.

Nikiwa na watoto ndani ya gari?

Kosa langu la pili lilikuwa hapa. Nilimfunza mke wangu la kufanya, nikajifunza mwenyewe, nikamsahau kijana wangu wa miaka sita. Tumesimamishwa daraja la Nyali, saa mbili usiku, taa ya ndani nimewasha, mikono juu ya usukani, kila kitu kama nilivyoandika hapa. Afande ameinama dirishani, nami nafungua mdomo kutanguliza cheti. Mtoto akanitangulia kutoka nyuma kwa sauti ya shangwe: "Baba, mwonyeshe bunduki yako!"

Afande alirudi nyuma hatua mbili. Mimi sikupumua. Nikasema lile nililokuwa nimekusudia kusema, taratibu, neno kwa neno, na vidole vyangu havikutoka kwenye usukani. Alikagua cheti kwa tochi muda mrefu, akamwangalia mtoto, akanirudishia. "Huyu," akasema, "mfundishe kusema shikamoo kwanza."

Sasa amefundishwa. Gari likisimamishwa, anajua kazi yake ni kuamkia, kisha kunyamaza mpaka tuvuke daraja.